Mgeni Kapona, Mwenyeji Je?

Barua ya wazi kwa watafiti, wawekezaji na wenye kliniki za ibogaini

Waheshimiwa,

 

Nawaandikia hadharani kwa kuwa barua mbili nilizotuma faraghani hazikujibiwa. Sina hisa katika kampuni yoyote, si daktari, wala sijawahi kuutia mdomoni mzizi wa iboga. Mimi ni mkalimani. Nakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, vipokea sauti masikioni, nikisema kwa lugha moja yanayosemwa kwa lugha nyingine. Mkalimani hulipwa ili asiwe na maoni. Hii ni mara yangu ya kwanza kutoka kibandani.

Kilichonitoa ni hiki. Mwaka juzi niliajiriwa kwa siku mbili kwenye mkutano mmoja Nairobi kuhusu tiba za saikedeliki, yaani dawa ambazo nyingi humletea mtu njozi akiwa macho: silosibini ya uyoga, ayawaska ya Amazonia, MDMA ya maabara, na hii yenu, ibogaini, itokanayo na maganda ya mizizi ya iboga, kichaka cha misitu ya Gabon. Miongoni mwa wageni alikuwamo mzee wa Kigabon, mganga wa Bwiti, ibada ya kwao inayotumia mzizi huo. Asubuhi alipewa dakika tano za kubariki ukumbi. Aliomba kwa Kimitsogo, lugha ya kwao, akaendelea kwa Kifaransa, nami nikawa namfuata kwa Kiswahili. Neno moja sikulitafsiri. Alisema yeye ni nganga. Nililiacha lilivyo, na wasikilizaji wangu hawakuuliza kitu.

Mchana kulikuwa na kikao cha saa mbili juu ya hataza, leseni na mtaji. Mzee alikuwa mstari wa tatu, ananisikiliza mimi nikimsimulia kwa Kifaransa jinsi mzizi wa babu zake unavyogawanywa. Alinyoosha mkono mara mbili. Mara ya pili mwenyekiti alimtazama, akatazama saa, akasema muda umekwisha, chai iko tayari.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, kapona yeye, na mwenyeji kakaribishwa chai.

Msinihesabu miongoni mwa wanaoipinga tiba yenu. Natamani ifanikiwe kuliko wengi wenu mnavyotamani. Nimezaliwa Tanga, na mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja haelezwi unga wa heroini ni kitu gani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa teja kwa miaka tisa. Soba hausi tulimpeleka mara tatu. Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, tulimhamishia kwa shangazi Dar es Salaam ili awe karibu na dirisha la dawa. Methadoni ilimrudishia uso wake, lakini kila siku ya Mungu alipaswa kuwa pale dirishani, anameza kikombe chake mbele ya muuguzi, hata siku ya msiba wa baba yake. Alikufa kwa ini mwaka 2016. Basi nikisoma kwamba ipo dawa inayomvusha mtu arosto kwa usiku mmoja, naisoma kwa macho ya aliyewahi kumshika mwenziwe akitetemeka na kutapika sakafuni. Malalamiko yangu yanatokea hapo.

1. Mzizi huu una wenyewe, na wenyewe wana majina.

Wanaoijua kazi ya iboga ni Wamitsogo, Waapindji, Wafang na wengineo walioishika Bwiti. Masimulizi ya Bwiti yenyewe yanakiri kwamba waliotangulia kuujua mzizi ni Wababongo, watu wa kuwinda na kurina asali msituni, ambao majirani huwaita mbilikimo na kuwadharau.

Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Kifaransa, Dybowski na Landrin, waliitenga ibogaini kutoka kwenye mzizi. Kuanzia 1939 vidonge vyake viliuzwa Ufaransa kama vya kumtia mtu nguvu, vikiitwa Lambarène, jina la mji wa Gabon ulio kando ya mto Ogooué. Mji ukapata nafasi kwenye kopo, watu wake hawakupata. Mwaka 1962 Howard Lotsof wa New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mraibu wa heroini, aliimeza akitafuta starehe, akaamka hana hamu ya unga wala arosto. Mwaka 1985 akapata hataza ya Marekani ya kuitumia kutibu uraibu. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walitangaza matokeo ya wanajeshi wastaafu 30 wa vikosi maalumu vya Marekani waliotibiwa Mexico, kwa kuwa kwao dawa hii ni haramu: baada ya mwezi mmoja dalili za kiwewe cha vita zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 88. Halikuwepo kundi la kulinganisha nalo, na nyinyi wenyewe mlisema hivyo kwa uaminifu, lakini nani asingeshtuka kwa namba kama hiyo? Juni 2025 jimbo la Texas likapitisha sheria ya kutenga dola milioni 50 kwa majaribio ya ibogaini.

Majina yote hayo, na tarehe zake, mnayataja bila kusoma karatasi. Ikifika zamu ya wenye mzizi, ulimi unakuwa mzito na tunasikia “hekima ya kale ya Afrika”. Kijitabu cha kliniki moja nilicholetewa ili nikitafsiri kilikuwa na maneno hayo mara sita. Gabon haikutajwa hata mara moja.

Sisi wa Tanga haya tumeyaona. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani aliyetawala kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua ua la zambarau la Usambara, akalipeleka kwao, likaitwa Saintpaulia. Leo liko kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Wasambaa walikuwa na jina lao la ua hilo, bila shaka, ila sikumbuki nani aliwauliza.

Naomba kila makala ya kisayansi, kila ombi la hataza na kila kijitabu cha kliniki kitaje nchi, watu na desturi ulikotoka ujuzi huu. Hili halina gharama, kwa hiyo lianze kesho.

2. Msituambie kwamba ya maabara haina deni.

Hoja hii niliitafsiri mara nne kwa siku mbili, sasa naijua kwa moyo. Mnasema hamchimbi tena iboga. Mnaipata ibogaini kupitia mti mwingine, Voacanga africana, unaoota sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, au mnaiunda maabara tangu mwanzo, au mmeikata molekuli yenyewe na kuiunga upya ili itibu bila kuleta njozi. Mzizi hatujaugusa, mnasema, basi tunadaiwa nini?

Kwamba msitu unapumua, hilo nalipokea kwa mikono miwili. La deni silipokei. Mtu akikaa harusini akasikiliza taarabu, akarudi nyumbani akaupiga wimbo ule ule kwa kinanda chake mwenyewe na kuuza kanda, hakuiba fidla ya mtu. Watunzi wa pwani wanajua alichoiba.

Najua mtanijibu kwa Lotsof. Kwamba iboga inaua hamu ya heroini aligundua yeye, si Mmitsogo, maana huko msituni heroini haikuwepo. Ni kweli, na haki yake tumpe. Lakini Lotsof alimeza kitu kilichokwisha kutengwa kwenye mzizi, na mzizi ulipelekwa Ufaransa kwa sababu kulikuwa na watu waliojua, katika msitu wenye maelfu ya mimea, ni upi, sehemu yake ipi, kiasi gani, na mtu aliyeula anavyouguzwa hadi arudi. Kazi hiyo ndiyo ndefu. Nyinyi mmefika mbio za kupokezana kwenye mita mia za mwisho.

Kisa cha María Sabina mnakijua vizuri kuliko mimi, kwani hakuna mkutano wenu usioonyesha picha yake. Alikuwa mganga wa Wamazateki katika mji wa Huautla de Jiménez, Oaxaca. Juni 1955 alimpokea mwenye benki wa Marekani, Gordon Wasson, akamlisha uyoga katika ibada ya usiku. Ibada ile haifanywi bila shida ya kuulizia, na Wasson aliulizia habari za mwanawe. Mwaka 1957 akaandika yote katika jarida la Life. Alibadilisha jina la mwenyeji wake, lakini njia ya kwenda kwake ilijulikana upesi. Mwaka uliofuata Albert Hofmann wa Uswisi akaitenga silosibini. Vijana wa kigeni wakamiminika Huautla, askari wakafuata, na wenyeji wakamlaumu mama yule kwa kufungua mlango. Nyumba yake ilichomwa moto. Alikufa mwaka 1985, maskini.

Ila kipande ninachotaka mkikumbuke ni cha mwaka 1962. Hofmann alikwenda mwenyewe Huautla na vidonge vya silosibini iliyoundwa maabara, akampa María Sabina avijaribu. Vidonge vikashika. Akakubali kwamba nguvu ya uyoga imo ndani yake. Nakirudia kisa hiki kwa sababu nyinyi hukisimulia kama ushindi wa kemia. Mwenye mali aliitwa kukagua nakala ya mali yake, akasema ndiyo, inafanana, kisha nakala ikaondoka.

Naomba mkiri kwa maandishi, katika mikataba yenu na wawekezaji, kwamba ibogaini ya maabara na zote zilizozaliwa nayo zinabeba deni lile lile la ya mzizini.

3. Mmechukua dawa, mmeacha masharti.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mganga wa mizizi huko Muheza. Hakupiga ramli, hakupunga pepo, mizizi tu. Nikiwa na miaka minane nilimfuata porini nimembebea kikapu. Akifika kwenye mti alikuwa anabisha hodi. Kisha anachimba upande wa jua kuchomoza, anakata mzizi mmoja. Anahamia upande wa jua kutua, anakata wa pili. Anafukia mashimo yote mawili, anaacha sarafu. Mti aliouchimba masika hii hakuugusa masika inayofuata. Niliyachukulia kuwa mambo ya wazee mpaka nilipokuwa mtu mzima, siku bwana shamba aliponieleza kwamba mti ukizungukwa na jembe pande zote unakufa. Yaani sharti lilikuwa na akili ndani yake, ila limevaa kanzu.

Masharti ya Bwiti ni mengi kuliko ya babu. Anayeingia hukiri kwanza aliyoyatenda. Huogeshwa mtoni. Hupewa mama na baba wa kumsimamia. Usiku kucha kinubi cha ngombi na upinde wa mungongo vinapigwa, na muziki ule ni kamba anayoishika aliyekwenda mbali ili apate njia ya kurudi. Nganga yuko naye, anamtazama, anaongeza au anazuia. Kukicha, aliyeingia peke yake ana ndugu mtaa mzima, na siku akiyumba wanajua pa kumkamata.

Mmeweka nini badala ya hayo? Kitambaa cha kuziba macho na orodha ya nyimbo kwenye simu. Baada ya siku chache mgonjwa anapelekwa uwanja wa ndege, bado ana marehemu aliowaona njozini wakimsemesha, na anaagwa kwa anwani ya baruapepe.

Kwa mashine ya kupima moyo nawavulia kofia. Ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, watu wamekufa nayo, na nganga hana mashine hiyo. Magnesiamu mliyowapa wale wanajeshi ili kuulinda moyo ni akili kubwa. Kama mngeipeleka mashine hiyo vijijini Gabon, mkafundisha kuitumia, nganga wangeishukuru. Ujuzi usiende upande mmoja.

Wala simtetei kila aliyevaa kaniki. Nchi yangu imezika watu wenye ualbino kwa sababu ya watu waliojiita waganga. Nguzo za umeme mjini zimebandikwa matangazo ya wanaotibu kila kitu, kuanzia kisukari hadi mapenzi na kesi mahakamani, na namba ya simu chini. Kule Amazonia wapo wa ayawaska waliowaingilia wageni wa kike wakiwa hawajijui. Mganga ni mtu. Ndiyo maana palihitajika masharti, na mengi yake yaliwekwa kumlinda mwele dhidi ya mganga mwenyewe. Babu hakumtibu mwanamke bila mtu wa kwao kuwepo. Nilimkumbuka siku ilipotoka hadharani video ya majaribio ya MDMA huko Kanada, wanatiba wawili wakimkandamiza na kumkumbatia mgonjwa wao kitandani, hakuna ndugu yake wala jirani.

Wakoloni walitutungia sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, zilizowafanya wengi wamwone mganga na mchawi kuwa kitu kimoja. Wafaransa na wamisionari waliwasakama Wabwiti vivyo hivyo. Watoto wa waliosakamwa ndio mnaowaita leo kubariki ukumbi kwa dakika tano.

Naomba nganga mnaowahitaji muwaajiri kama wenzenu: wawepo tangu majaribio yanapopangwa, walipwe kama daktari mgeni anavyolipwa, na wakisema hapana, iwe hapana. Wapo waliokwisha kuisema. Viongozi wa Native American Church huko Marekani waliomba peyote iachwe nje ya kampeni za kuhalalisha saikedeliki, kwa sababu kakati hiyo inachukua zaidi ya miaka kumi kukomaa porini na tayari haiwatoshi wenyewe kwa ibada. Wengi wenu mlilisikia ombi hilo. Nawauliza mlilifanyia nini.

4. Sheria haiwabani, nanyi mnalijua hilo.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inasema anayechukua mmea na ujuzi wa watu aombe ridhaa kwanza na agawane nao faida. Nchi ya kwanza duniani kuiridhia ilikuwa Gabon. Gabon hiyo hiyo iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na mwaka 2019 ikasimamisha usafirishaji wake nje, kwa sababu vichaka vilikuwa vinang'olewa usiku na kuvushwa mpakani kwenye magunia. Marekani, ambako fedha zenu nyingi ziko, haikuiridhia Itifaki, wala haikuuridhia hata Mkataba wa Bayoanuwai uliouzaa. Iliutia saini mwaka 1993, ikaishia hapo. Kwa hiyo mwanasheria wenu akiwaambia hamlazimiki, hasemi uongo. Mei 2024 nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilipitisha mkataba wa kumtaka mwenye kuomba hataza aseme mmea umetoka wapi na ujuzi ni wa nani. Mnaweza kuungoja uanze kutumika, au mnaweza kufanya linalotakiwa bila kusukumwa.

Mkiamua kulipa, linakuja swali gumu kuliko yote, la kumlipa nani. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichukua vijidudu kwenye chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, Kenya. Kimeng'enya kilichotokana na vijidudu hivyo kikaingia kwenye sabuni ya unga na kwenye viwanda vya kupausha jinzi. Mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya likaanza kudai haki. Sawa, lakini Waendorois, wenye ziwa, walikuwa wameshaondolewa pale katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi. Ilibidi waende hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyowapa haki mwaka 2010, na kupewa haki kwenye karatasi na kurudi ziwani ni mambo mawili. Nchi inaweza kudai kwa jina la watu huku watu wenyewe wako nje ya uzio.

Basi msitie saini na serikali ya Gabon peke yake huko Libreville kisha mkaita waandishi wa habari. Nendeni vijijini. Waulizeni Wababongo hasa, maana wakiachiwa majirani zao wawasemee watarudi mikono mitupu. Mtakuta ubishi: nani alianza, nani kiongozi, ada iende kwa nani. Ubishi huo msiutumie kuwa kisingizio. Nyinyi wenyewe mnashitakiana kwa hataza miaka kumi na hakuna anayesema basi hataza zifutwe.

Ninayoomba hapa ni manne. Ridhaa itafutwe kabla ya majaribio, isiwe baada ya kuuza. Malipo yawe asilimia ya mauzo, si ya faida, kwa kuwa faida mhasibu hodari huweza kuificha hata mezani kwa mwenye duka. Fedha ziwekwe kwenye mfuko unaosimamiwa na jamii zenyewe, na sehemu yake ipande iboga, kwani vijiji vinavyoipanda vipo na vinajua kuilea. Na mikataba isomwe kwa sauti katika lugha za wanaotia saini. Hili la mwisho nalisema kama mtu wa kazi hiyo. Nimeona ridhaa nyingi zikitolewa kwa kutikisa kichwa, na aliyetikisa hakuwa ameelewa, alikuwa amechoka.

5. Mwenyeji naye anaumwa.

Hili hamkulitaja kabisa, siku zote mbili. Kliniki zenu za Mexico zinatoza maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Heroini ya Afghanistan inapita pwani yetu kwa majahazi, na sehemu yake inabaki hapa hapa, mishipani mwa vijana wetu. Dawa imezaliwa Afrika, maradhi yako Afrika, na katikati yake pana tiketi ya ndege ya kwenda Tijuana.

Zamani mteja alikuwa mtu aliye mikononi mwa mganga. Baadaye neno likahamia dukani, kisha mtaa ukalipunguza mbele, ukalifanya tusi. Nalitumia kwa makusudi: teja wa Tanga ni mteja wenu, na hajui kama mpo.

Naomba sehemu ya majaribio yenu ifanyike katika nchi za Afrika zilizo tayari, kwa viwango vile vile vya usalama mnavyowapa wanajeshi wa Marekani, mashine ya moyo ikiwemo, na dawa ikithibitika, iuzwe kwetu kwa bei ya kwetu. Msilete majaribio peke yake. Historia ya watu kujaribiwa huku na kutibiwa kule tunaijua, na mama zetu hawatawaamini mara ya pili.

Nimeambiwa mkutano mwingine unaandaliwa. Nilipewa rasimu ya ratiba kwa ajili ya kupanga zamu za wakalimani, na nimeona tena “baraka za ufunguzi, dakika tano”. Iko nafasi kwenye kikao cha mchana cha siku ya pili, kile cha mikataba, ambapo meza ina viti sita na majina matano. Mwekeni mzee pale, mpeni kipaza sauti na nusu saa nzima. Akichagua Kifaransa, nitamtafsiri bila malipo. Akichagua Kimitsogo, mtafutieni mtu wa kwao, na mimi nitamwachia kibanda.

Wenu katika kazi,

Mkalimani, Tanga